PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE
Jinsi ya kupima volti na ampea za umeme wa betri

Je, umewahi kuambiwa, "Betri yako imekufa, nunua nyingine"? Je, uliuliza, "Umejuaje?"

Wengi wetu hatuulizi. Tukiambiwa betri imekufa, tunatafuta fedha. Tunauza mbuzi au tunakopa. Lakini katika mambo mengine hatufanyi hivyo. Mahindi hatuyauzi kwa kukisia uzito. Tunataka mzani. Zahanati haitoi dawa ya malaria kabla ya kupima damu. Kwa nini basi betri ihukumiwe bila kupimwa?

Leo vijiji vingi vina paneli za sola. Kila penye paneli na betri, ni vizuri pawe na mtu anayejua kupima. Kupima si kazi ya wasomi peke yao. Ukijua kusoma namba, unaweza.

MAYAI 60 YALIYOPOA

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mazao na mifugo. Umeme sikuusomea chuoni.

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini kuna kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku. Nyumba ya kikundi iko mbali na nguzo za umeme. Kwa hiyo walichanga fedha, wakanunua paneli mbili za sola, betri moja ya volti 12, na mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga. Mashine hiyo hutumia wati 60.

Yai la kuku hutaka joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21. Kuku huyatunza mayai kwa mwili wake. Mashine huyatunza kwa umeme. Umeme ukikatika usiku wa baridi, mayai hupoa. Yakipoa mara nyingi, vifaranga hufa ndani ya yai.

Akina mama waliweka mayai 60. Mchana mashine ilifanya kazi vizuri. Usiku mambo yaligeuka. Taa nyekundu iliwaka, na mashine ikajizima. Maana ya taa ile ni kwamba umeme ni mdogo. Baada ya muda mashine ilijiwasha, kisha ikajizima tena. Ilikuwa mwezi wa Juni, na Juni huko ni baridi kali. Mambo yalikuwa hayo usiku baada ya usiku.

Siku ya 12 tuliyamulika mayai kwa tochi. Karibu yote yalikuwa yamekufa. Mama mmoja alikaa kimya, akayatoa moja moja, akayaweka katika ndoo.

Waliita fundi. Fundi aliitazama taa nyekundu, akasema, "Betri imekufa. Haitunzi chaji. Nunueni nyingine."

Nilifika kesho yake kwa kazi ya chanjo.

"Shikamoo, mama mwenyekiti," nilisema.

"Marahaba, bwana shamba. Umetukuta vibaya. Kesho tunakutana kutoa akiba yote. Tukinunua betri, hatubaki na fedha ya chakula cha kuku wala ya chanjo ya kideri. Wewe unasemaje?"

"Mama, fundi alipima nini?"

"Hakupima kitu. Aliona taa."

"Basi naomba mniachie usiku wa leo. Mkutano wenu ni kesho. Tupime kwanza."

Nilikuwa na mita ndogo ya umeme katika mkoba. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata ndiye aliyenifundisha kuitumia. Sasa nitakufundisha wewe yale aliyonifundisha mimi.

VOLTI NI NINI? AMPEA NI NINI?

Fikiria pipa la maji lililowekwa mahali pa juu. Bomba linashuka kutoka pipani hadi bustanini.

Maji katika bomba yana msukumo. Ukipandisha pipa juu zaidi, msukumo huongezeka. Umeme nao una msukumo. Msukumo wa umeme hupimwa kwa VOLTI.

Sasa fungua bomba. Maji yanapita. Unaweza kuhesabu ndoo ngapi zinajaa kwa saa moja. Umeme nao hupita katika waya. Umeme unaopita huitwa mkondo. Wingi wa mkondo hupimwa kwa AMPEA.

Kipo kitu cha tatu. Bomba likiwa jembamba, maji hupita kwa shida. Likiwa refu sana, au lina takataka, ni vivyo hivyo. Waya nao huzuia umeme. Kizuizi hicho huitwa ukinzani. Hupimwa kwa OMU.

Shika sana jambo hili moja. Bomba likiwa limefungwa, msukumo upo lakini maji hayapiti. Bomba likiwa na takataka hutajua, maana hakuna maji yanayopita. Ukilifungua, ndipo utaona maji yanatoka kidogo. Umeme ni hivyo hivyo. Ubovu wa waya hauonekani mpaka umeme upite.

Majina haya yametoka kwa watu. Alessandro Volta, mtu wa Italia, alitengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. André-Marie Ampère alikuwa Mfaransa. Georg Ohm alikuwa Mjerumani. Mwaka 1827 Ohm alitoa kitabu chenye kanuni hii:

Volti = ampea mara omu.

Kanuni ya pili ni hii:

Wati = volti mara ampea.

Wati ni nguvu ya kazi inayofanyika, kama vile joto la mashine au mwanga wa taa.

IJUE MITA YAKO

Mita ya umeme inauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme na ya redio. Ina kioo cha kuonyesha namba, kitufe cha kuzungusha katikati, na nyaya mbili. Waya mmoja ni mweusi, mwingine ni mwekundu. Mwisho wa kila waya kuna ncha ya chuma ya kugusia.

Chini ya mita kuna matundu. Tundu lililoandikwa COM ni la waya mweusi siku zote. Tundu lenye herufi V ni la waya mwekundu unapopima volti. Tundu lililoandikwa 10A ni la waya mwekundu unapopima ampea.

Kuzunguka kitufe kuna alama. V yenye mistari iliyonyooka ni ya umeme wa betri na sola. V yenye alama ya wimbi ni ya umeme wa nguzo. Usizichanganye.

Namba za mita zina nukta. Ukiona 12.3, soma "kumi na mbili nukta tatu". Maana yake ni volti 12 na sehemu 3 katika sehemu 10 za volti moja. Usiidharau nukta. Katika betri, sehemu hizo ndogo ndizo zinazosema kweli.

KUPIMA VOLTI

Fuata hatua hizi.

1. Weka waya mweusi katika tundu la COM, na mwekundu katika tundu la V.

2. Zungusha kitufe hadi V ya betri. Kama mita yako ina namba za kuchagua, chagua 20. Namba hiyo inatosha kwa betri ya volti 12.

3. Gusa kichwa hasi cha betri, chenye alama ya kutoa (−), kwa ncha nyeusi.

4. Gusa kichwa chanya, chenye alama ya kujumlisha (+), kwa ncha nyekundu.

5. Soma namba.

Hukukata waya wowote. Umegusa tu pande mbili. Mita imesimama pembeni, sambamba na betri, kama mtu anayetazama mto kutoka ukingoni. Volti hupimwa hivyo siku zote. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, umebadilisha ncha. Mita haitaharibika. Zigeuze tu.

Betri ya maji ya volti 12 ina namba zake za kukumbuka. Kwanza iache ipumzike saa kadhaa, bila kuchajiwa na bila kutumika. Kisha pima.

Kama inasoma 12.6 au 12.7, imejaa.
Kama inasoma karibu na 12.2, imebaki nusu.
Kama inasoma chini ya 11.9, imekwisha au iko karibu kwisha.

Wakati jua linaichaji, namba hupanda hadi 13 na zaidi, hata 14.4. Hiyo si namba ya betri peke yake. Ni msukumo wa paneli. Ndiyo maana betri haipimwi afya yake saa sita mchana huku inachajiwa.

TULICHOKIONA USIKU ULE

Saa mbili usiku tulikusanyika wenye kurunzi na wenye mablanketi. Mashine ilikuwa imejizima. Nilipima vichwa vya betri. Mita ilisoma 12.6.

"Mnaona? Betri imejaa," nilisema.

"Kama imejaa, mbona mashine imezima?" aliuliza mama mwenyekiti.

Swali lake lilikuwa zuri. Tukaenda kupima upande wa pili, pale waya unapoingia katika mashine. Pale pia mita ilisoma 12.6. Kama tungeishia hapo, tungesema waya ni mzima, mashine ndiyo mbovu. Lakini kumbuka lile bomba lililofungwa. Umeme ulikuwa haupiti.

Tukaiwasha mashine. Ilikaa kama nusu dakika kabla ya kujizima. Muda huo ulitosha kusoma namba. Tukarudia mara kadhaa. Majibu yalikuwa haya:

Kwenye betri: volti 12.3.
Kwenye mashine: volti 10.3.

Msomaji, hapo simama ufikiri. Betri ilitoa 12.3. Mashine ilipata 10.3. Volti 2 zilipotea njiani. Mashine ile hujizima ikipata chini ya volti 10.5. Kwa hiyo taa nyekundu haikusema uongo. Ilisema umeme uliofika kwangu ni mdogo. Haikusema betri imekufa. Hayo yalisemwa na watu.

Na mchana je? Mchana jua lilikuwa likichaji, na betri ilikuwa na volti 13.8. Njiani zilipotea zaidi ya 2, lakini mashine ilipata kama 11.5. Hizo zilitosha. Ndiyo maana mchana ilifanya kazi na usiku ikakataa. Mtu asiyepima angesema betri haitunzi chaji.

KUMTAFUTA MWIZI WA VOLTI

Betri ilikuwa katika chumba cha mwisho, na mashine katika stoo. Kati yao kulikuwa na waya wa mita 10. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa taa. Katikati uliungwa kwa kusokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa nailoni.

Mita inaweza kuonyesha volti zinapopotea. Mashine ikiwa imewashwa, gusa mwanzo wa waya kwa ncha moja, na mwisho wa waya huo huo kwa ncha nyingine. Waya mzuri husoma karibu na sifuri. Waya mbaya husoma zile volti ulizozila. Waya wa mita ulikuwa mfupi, kwa hiyo tuliurefusha kwa kipande kingine cha waya.

Waya chanya wote ulisoma 1.2.
Waya hasi wote ulisoma 0.8.
Jumla ni 2.0. Ndizo volti zetu zilizopotea.

Kisha tukapima lile ungio peke yake, kwa kugusa upande huu na upande ule. Lilisoma 0.4. Kumbe ungio dogo kama kidole lilikula karibu nusu ya volti moja. Kijana mmoja aliligusa. Lilikuwa la moto. Volti zinazopotea hazipotei bure. Hugeuka joto. Ungio la moto laweza kuunguza nyumba.

KUPIMA AMPEA

Ampea hazipimwi kama volti. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea.

Kumbuka dira ya maji. Fundi hukata bomba, akaiweka dira katikati, maji yote yapite ndani yake. Mita ya ampea nayo huwekwa katikati ya njia. Umeme wote lazima upite ndani ya mita. Huku ndiko kupima kwa mfuatano.

Fuata hatua hizi.

1. Zima mashine au taa.

2. Hamisha waya mwekundu wa mita, uweke katika tundu la 10A. Zungusha kitufe hadi A ya betri, penye namba 10.

3. Fungua waya chanya pale unapoingia katika mashine.

4. Gusa waya unaotoka kwenye betri kwa ncha nyekundu. Gusa mlango chanya wa mashine kwa ncha nyeusi. Sasa mita ni daraja kati yao.

5. Washa mashine. Soma namba haraka. Zima.

6. Rudisha waya mwekundu katika tundu la V papo hapo. Usingoje kesho.

Siku ya kwanza kupima ampea, nilisahau hatua hizi. Waya mwekundu ulikuwa katika tundu la ampea. Nikagusa vichwa viwili vya betri, kama mtu anayepima volti. Cheche ziliruka, na fyuzi ya mita ikakatika. Kwa nini? Mita ya ampea haina ukinzani wa kutosha. Umeme wote wa betri hupita ndani yake kwa nguvu, kama pipa lililopasuka. Nilikuwa na bahati. Mita nyingi hazina fyuzi katika tundu la 10A. Mita huungua, na mkono pia.

Basi shika hili: VOLTI, GUSA PANDE MBILI. AMPEA, KATA NJIA UWEKE MITA KATIKATI.

Usipime ampea za kitu kinachotumia zaidi ya ampea 10 kwa mita ya namna hii. Utajuaje kabla? Gawa wati kwa volti. Mashine yetu ni wati 60. Gawanya kwa 12. Unapata ampea 5. Mita inazimudu.

Usiku ule tulisoma ampea 4.3, wala si 5. Zidisha kwa volti 10.3 zilizofika. Unapata wati 44. Mashine ya wati 60 ilikuwa ikipata wati 44 tu, tena kwa nusu dakika.

Tumia sasa kanuni ya Ohm. Volti 2 zilizopotea, gawanya kwa ampea 4.3. Unapata karibu nusu omu. Nusu omu ni kitu kidogo sana. Lakini ndiyo iliyoua mayai 60.

DAWA ILIKUWA WAYA

Asubuhi mkutano ulifanyika. Hawakununua betri. Walifanya mambo manne.

Walihamisha mashine, wakaiweka katika chumba kinachopakana na betri. Waya wa mita 10 ukawa wa mita 3.

Walinunua waya mnene wa milimita 4 za eneo, badala ya ule wa milimita 1. Waya mnene ni kama bomba pana.

Hawakuunga waya katikati. Walisafisha vichwa vya betri, wakakaza nati.

Waliweka fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, kwenye waya chanya. Waya ukigusana, fyuzi hukatika kabla moto haujaanza.

Usiku tulipima tena, mashine ikiwa imewashwa. Betri ilisoma 12.2. Mashine ilisoma 12.1. Ampea zilikuwa 5. Zidisha 12.1 kwa 5. Unapata wati 60 na ushei. Taa nyekundu haikuwaka.

Bei ya waya na fyuzi ilikuwa ndogo sana kuliko bei ya betri. Akiba iliyobaki ilinunua chakula na chanjo. Waliweka mayai mengine 60. Siku ya 21 na ya 22 walitoka vifaranga 44. Mama mwenyekiti aliniletea habari mwenyewe, kwa miguu.

Fundi naye nilizungumza naye. Hakuwa mwongo. Aliamini taa. Tulimwonyesha namba, akazielewa upesi kuliko mimi. Siku hizi haendi kazini bila mita.

BETRI HUFA KWELI

Sisemi kwamba betri haifi. Hufa. Lakini ithibitishe kwa namba.

Ichaji siku nzima hadi ijae. Toa nyaya zote. Iache usiku kucha. Asubuhi pima. Kama imeshuka mno, hata chini ya 12.2, na haikutumiwa na kitu chochote, ni mgonjwa. Kama inasoma vizuri, washa taa kadhaa na upime tena. Betri nzima hushuka kidogo na kutulia. Betri mgonjwa huporomoka hadi 11 au chini yake kwa dakika chache. Hiyo ndiyo ya kubadilisha.

Njia ya kuifanya iishi ni kutoinywa yote. Ikifika 12.2 ikiwa imepumzika, imebaki nusu. Punguza matumizi. Betri za maji zinazoachwa tupu mara kwa mara hufa mapema.

HATARI

Ndugu msomaji, nimezungumzia umeme wa betri ya volti 12 tu. Umeme wa nguzo ni jambo lingine. Majumbani Tanzania ni volti 230. Ampea 0.03 zikipita kifuani zinaweza kuua mtu. Hizo ni chache kuliko za taa ndogo ya sola. Usijaribu kuupima umeme wa nguzo. Mwachie fundi mwenye leseni.

Betri nayo ina hatari zake. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuishika. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja huwa nyekundu kama ya mhunzi. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usiiinamie na sigara au kibatari. Maji yake ni tindikali. Yakikupata machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha kimbilia zahanati. Watoto wasikae karibu.

FANYENI PAMOJA

Mita moja inatosha kikundi kizima, hata kijiji. Chagueni watu wawili wajifunze. Wekeni daftari. Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda, andikeni volti za betri. Baada ya miezi michache daftari litawaambia kama betri inazeeka. Hamtangoja taa nyekundu.

Mtu akikuambia betri imekufa, usigombane naye. Mpe mita. Mwambie, "Nionyeshe namba."

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kipi kinachofanana na msukumo wa maji, volti au ampea?

2. Kwa nini mita ilisoma 12.6 pande zote mbili mashine ilipokuwa imezimwa?

3. Unataka kupima ampea za redio. Utaiweka mita wapi?

4. Taa ya sola ni ya wati 6 na volti 12. Inatumia ampea ngapi?

5. Betri ina volti 12.4, taa inapata volti 11.0. Zimepotea ngapi? Utazitafuta wapi?

6. Katika kikundi chenu, nani atashika daftari la betri?